Pampu Inayowaka na Kuzima: Maji Hayo Yanatoka Wapi?



Masika moja mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka 2 akiwa anaharisha. Ilikuwa mara ya 3 katika majira yale yale ya mvua. Mtoto alipewa maji yenye chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, akapata nafuu. Lakini kabla hawajaondoka nilimwuliza mama yule maswali ambayo muuguzi hana budi kuyauliza: maji mnachota wapi? Choo kiko wapi? Maji ya kunywa mnayachemsha? Katika kujibu alitaja jambo ambalo lilinifanya nivute kiti tuzungumze vizuri.

"Sista, hata usingizi hatupati. Tuna pampu ya kutoa maji kwenye shimo nyuma ya jiko. Usiku kucha inawaka, inazima, inawaka, inazima. Baba watoto anasema imezidiwa, itabidi tununue kubwa zaidi."

"Na hayo maji yakishatolewa yanakwenda wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Sista. Kule karibu na choo."

Hapo nikaelewa kwamba ile pampu na tumbo la yule mtoto vilikuwa habari moja. Ndiyo sababu mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya pampu. Msishangae. Muuguzi si fundi, lakini fundi na muuguzi wote wawili wanaanza kazi yao kwa kutafuta chanzo.

MAJI YANAYOTOKA CHINI

Mji wetu wa Babati umekaa kati ya ziwa na mlima Kwaraa. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka bondeni, na Ziwa Babati likijaa halina mto mkubwa wa kulipunguzia maji mwaka mzima. Wazee wetu wanakumbuka mafuriko ya mwaka 1964, ya 1979 na ya 1990, ziwa lilipopanda na kuyafikia makazi ya watu.

Maji ya juu tunayaona na kuyakimbia. Tusiyoyaona ni yale yaliyo ndani ya udongo. Ziwa likipanda, maji ya ardhini katika sehemu za bondeni hupanda pia. Utaona sakafu imelowa bila bomba kupasuka, choo cha shimo kimejaa ghafla ingawa familia ni ile ile, na ukichimba mashimo ya miche ya migomba unakutana na maji kabla jembe halijafika mbali.

Baadhi ya familia hujisaidia kwa kuchimba shimo dogo la kukusanyia maji hayo na kuweka ndani yake pampu ndogo ya umeme ya kuzamishwa. Ni msaada mzuri. Lakini pampu hiyo ikianza kuwaka na kuzima kila dakika, wengi hufanya moja ya mambo 2: huizoea kelele, au hukimbilia dukani kununua iliyo kubwa zaidi. Njia zote 2 si nzuri.

HOMA SI UGONJWA

Akina mama mnajua: mtoto akiwa na homa, homa yenyewe si ugonjwa. Ni dalili. Huenda ni malaria, huenda ni kichomi, huenda ni sikio. Ukimpa dawa ya kushusha homa tu, jioni atachemka tena, na ugonjwa utakuwa umepata nafasi ya kuendelea.

Pampu inayowaka na kuzima ni vivyo hivyo. Inakwambia kwamba kuna kitu. Huenda maji yanaingia shimoni kutoka mahali ambapo hukutegemea, huenda yale yale yanarudi, au pampu yenyewe imedanganywa. Ukinunua pampu kubwa kabla ya kujua chanzo, umeshusha homa tu. Tena pampu kubwa ndani ya shimo dogo hulimaliza shimo upesi zaidi, kwa hiyo itawaka na kuzima mara nyingi kuliko ya kwanza.

Hasara yake ni ya namna nyingi. Mota ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kupita ule wa kuendelea kuzunguka, nayo hupata joto. Ikianzishwa mara mia kwa usiku mmoja, joto hilo huila taratibu mpaka iungue. Na LUKU nayo haina huruma: pampu ya wati 500 ikifanya kazi kwa jumla ya saa 12 kwa siku, inakula uniti 6. Familia nyingi hugundua tatizo la pampu kwa kuona uniti zimeisha kabla ya wakati wake.

KWANZA USALAMA

Kabla hujachungulia shimo, soma sehemu hii mara 2.

Maji na umeme havikai pamoja kwa amani. Usiingize mkono wala mguu kwenye shimo lenye maji wakati pampu imeunganishwa na umeme, hata kama imezima. Inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote, na waya uliochubuka huupitisha umeme kwenye maji. Zima kwenye meini swichi, chomoa plagi, hakikisha umevaa viatu vikavu, ndipo uinue pampu. Iinue kwa kamba iliyofungwa kwenye mpini wake, si kwa waya wa umeme. Mwombe fundi umeme mwenye ujuzi akufungie ethi iliyo nzima na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja, ile ya miliampea 30. Na viungo vya waya visilale chini penye maji.

Kama umeme umekatika na unatumia jenereta, liweke nje kabisa, mbali na madirisha na milango. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Usishuke ndani ya shimo refu, la choo au la maji machafu, kutafuta kitu kilichoanguka. Ndani yake huwa na hewa mbaya, au hewa ya kupumua haitoshi. Mtu huzimia bila onyo, na anayemfuata kumwokoa naye huanguka juu yake. Familia zimezika watu 2 kwa siku moja kwa njia hiyo. Mwenzako akianguka, piga kelele, ita watu, tafuteni kamba, usimfuate.

Mwisho, funika shimo. Mtoto mdogo anaweza kufa maji katika maji ya kina cha ndoo tu. Kifuniko kiwe kizito kiasi cha kumshinda mtoto, tena kisiwe na tundu la kupitisha mguu wake.

UCHUNGUZI KWA SAA NA KIJITI

Sasa tumpime mgonjwa wetu. Huhitaji vyombo vya gharama. Tafuta saa, daftari, na kijiti kirefu kikavu cha kusimamisha shimoni.

Siku ya kwanza, andika saa pampu inapowaka na inapozima, mara 6 mfululizo. Fanya hivyo siku ya mvua, kisha rudia baada ya siku 2 au 3 zisizo na mvua. Mvua kubwa ikinyesha, pampu kuwaka mara kwa mara ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa siku za ukavu inawaka sawasawa na siku za mvua, maji hayo hayatoki kwenye mvua.

Kisha simamisha kijiti shimoni. Subiri pampu izime, tazama mahali maji yalipoishia, na uangalie yanavyopanda. Usishike maji, tazama tu kwa tochi. Kijiti hicho kitakupa majibu yafuatayo.

Maji yakipanda ghafla katika sekunde chache baada ya pampu kuzima, kisha yakatulia, ni maji yanayorudi kutoka kwenye bomba. Pampu inasukuma maji juu. Ikizima, yale yaliyobaki ndani ya bomba yanaporomoka kurudi shimoni. Dawa yake ni valvu ya kuzuia maji kurudi, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba juu ya pampu. Wengine hawakuifunga kabisa, wengine waliifunga kinyume, na wengine imekwama kwa mchanga au nywele. Tazama hesabu hii: bomba la inchi 2 huchukua karibu lita 2 kwa kila mita. Likipanda mita 5, lina lita 10. Kama shimo lako ni dogo kama ndoo ya lita 20, lita 10 hizo zikirudi zinatosha kuiwasha pampu tena. Hapo pampu inaweza kukesha ikipandisha na kushusha maji yale yale, wala tone jipya halijaingia.

Maji yasipopanda, na bado pampu inawaka, tazama boya. Ni kile kipande chepesi cha plastiki kinachoelea, mfano wa maboya ya wavuvi wetu wa ziwani, kilichofungwa kwa waya kwenye pampu. Maji yakipanda, boya huinuka na kuwasha. Yakishuka, hulala na kuzima. Waya wa boya ukifungwa mfupi mno, boya huinuka na kulala kwa maji kidogo tu, na pampu haipumziki. Likigusa ukuta wa shimo au kunasa kwenye bomba, huwaka bila kuzima, au halizimi mpaka maji yaishe na pampu iungue. Safisha boya, liondoe ukutani, na mwambie fundi aurefushe waya wake kwa kipimo ambacho karatasi ya pampu inakiruhusu.

Maji yakipanda taratibu kwa mwendo ule ule, lakini shimo linajaa upesi kwa sababu ni jembamba, basi tatizo ni shimo lenyewe. Shimo la mviringo lenye upana wa sentimita 60 linapokea lita 56 hivi kwa kila sentimita 20 za kupanda. Lenye upana wa sentimita 30 linapokea lita 14 tu. Ukiongeza upana mara 2, nafasi inaongezeka mara 4. Mara nyingine ni nafuu kupanua shimo kuliko kununua pampu.

Pampu ikizima huku shimo bado limejaa, ikakaa kimya robo saa, kisha ikawaka yenyewe, huenda imejizima kwa joto. Pampu nyingi zina kinga ya namna hiyo. Tope limeziba mdomo wake, au umeme ni mdogo, au inazungushwa kupita uwezo wake. Itoe, isafishe, na usiiweke moja kwa moja kwenye tope. Iketishe juu ya tofali.

FUATA MAJI YANAKOKWENDA, NA YANAKOTOKA

Kama valvu ni nzima, boya ni huru na shimo linatosha, bado pampu haitulii, basi kweli maji yanaingia. Sasa ondoka shimoni, uzunguke nyumba.

Anza na mwisho wa mpira wa kutolea maji. Wengi wetu tunautupa hatua 3 au 4 kutoka ukutani. Udongo uliolowa hauna mahali pengine pa kuyapeleka maji hayo. Yanazama na kurudi shimoni kwa chini. Jaribu hivi: koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo ya maji, uimwage mahali pampu inapotolea maji, kisha utazame shimo kwa saa kadhaa. Ukiona rangi, maji yanazunguka. Usipoiona, usitulie upesi, kwa maana udongo unaweza kuichuja rangi huku ukiyaruhusu maji kupita. Basi hamisha mpira uende mbali, sehemu iliyo chini kuliko nyumba, uone kama pampu itapumzika. Lakini usiuelekeze kwa jirani! Maji yako yakiingia jikoni kwake, hujatibu ugonjwa, umeuhamisha. Zungumza naye, na ikibidi mwende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa mkubaliane juu ya mfereji.

Tazama bati na michirizi. Nyumba yenye bati la mita 10 kwa 8, mvua ya milimita 25 ikinyesha, inamwaga karibu lita 2,000. Maji hayo yote yakianguka kwenye msingi, shimo lako litayapokea. Weka gata, na uyaelekeze kwenye tangi. Hayo ni maji ya kufulia na kumwagilia bustani.

Tazama mabomba yako. Usiku funga koki zote na uangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka na hakuna anayechota, kuna bomba linalovuja chini ya ardhi. Tazama pia tangi la juu lisilofunga, linalofurika usiku mtu asione.

Kama hayo yote ni mazima na nyumba iko bondeni, yawezekana unavuta maji ya ardhini yenyewe. Hapo ndugu yangu, kubali ukweli: huwezi kulikausha ziwa kwa pampu ya jikoni. Ukiliweka boya chini sana, unayaita maji ya jirani zako wote yaje kwako. Mwombe fundi alipandishe boya, pampu ifanye kazi pale tu maji yanapokaribia sakafu. Kwa maji yaliyo chini ya hapo, yaache mahali pake. Na wakati maji ya ardhini yako juu, usikimbilie kulinyonya lote shimo la maji machafu lililojengwa kwa zege: likiwa tupu, maji ya nje yanaweza kulisukuma juu na kulipasua.

JAMBO LILILO KUBWA KULIKO PAMPU

Sasa turudi kwa mtoto anayeharisha. Maji ya shimoni yanaweza kuonekana meupe kabisa. Lakini kama maji ya ardhini yamepanda mpaka yakagusa kinyesi kwenye choo cha shimo, maji hayo ni ndugu wa choo. Yanatembea chini ya udongo, yanaingia kwenye kisima, yanaingia kwenye shimo la pampu, na pampu inayapandisha juu ya ardhi ambako watoto wanacheza na kuku wanachakura. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo, minyoo na hata kipindupindu hupata njia.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Daktari John Snow aliandika walikokufa watu, akaona wengi walichota maji kwenye pampu moja ya mkono katika barabara iliyoitwa Broad Street. Kwa ushauri wake mpini wa pampu ile uliondolewa. Kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakuamini. Akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza ili amkosoe. Badala yake alimkuta mama aliyekuwa amemwaga maji ya kufulia nepi za mtoto wake mgonjwa kwenye shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo hilo lilipofukuliwa mwaka 1855 lilikutwa na matofali yaliyooza, nalo lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani. Watu walikuwa wakiyasifu maji ya pampu ile kuwa matamu.

Fundisho ni hili: ubora wa maji haujulikani kwa macho wala kwa ulimi. Swali ni lile lile: yanatoka wapi?

Kwa hiyo, mahali ambapo pampu inafanya kazi kila mara, fuateni haya nyumbani:

Kisima kiwe mbali na choo angalau mita 30, tena kiwe upande wa juu. Chini ya shimo la choo pawe na udongo mkavu wa mita 1 na nusu au zaidi kabla ya kufikia maji. Bondeni hilo haliwezekani kwa shimo refu. Jengeni choo kilichoinuliwa juu ya tuta, au tumieni shimo lililojengwa lisilopitisha maji, mkipata ushauri wa afisa afya wa kata.

Maji ya shimo la pampu yasitumike kunywa, kupikia, kuoshea vyombo wala kuogeshea mtoto. Usimwagilie nayo mchicha wala mboga zinazoliwa mbichi.

Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote vizuri kwa dakika 1 au zaidi, yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa, kisha yahifadhiwe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kuni zikiwa adimu, tumieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Anayesafisha shimo avae buti na glavu, asiwe na kidonda kilicho wazi, na akimaliza anawe kwa sabuni. Mkojo wa panya na wanyama ndani ya maji huleta homa ya mgunda, ile ambayo Wizara ya Afya iliitangaza mkoani Lindi mwezi Julai 2022. Mtu akipata homa kali, kuumwa misuli na macho kuwa ya njano baada ya kushika maji machafu, aende hospitali na aseme kwamba alishika maji hayo. Neno hilo moja humsaidia sana daktari.

Maji yaliyotolewa yasiachwe yatuame. Yai la mbu katika maji yaliyotulia huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki 1 hadi 2. Kila Jumamosi zungukeni nyumba na kumwaga, kufukia au kuchimbia mfereji. Na vyandarua viendelee kutumika.

Mtoto akianza kuharisha, usisubiri. Kama huna pakiti ya dawa ya maji yenye chumvi, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, mpe kidogo kidogo kila mara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye kinyesi, au kinyesi kikiwa maji matupu kama ya mchele, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

WALIVYOGUNDUA NYUMBANI KWAO

Mama yule alirudi baada ya wiki 3, safari hii kwa ajili ya kumpima mtoto uzito. Alikuja na mumewe, naye alikuwa na daftari.

Baba huyo alikuwa amesimamisha kijiti shimoni kama nilivyomweleza mkewe. Jioni ya kwanza tu aliona maji yanaruka juu kila pampu inapozima. Fundi alipokuja alikuta hakuna valvu kabisa. Wakaifunga. Pampu iliyokuwa inawaka kila baada ya nusu dakika ikawa inawaka kila baada ya dakika 8.

"Nikafurahi, Sista, nikadhani tumemaliza," alisema. "Mke wangu ndiye aliyesema bado. Akasema kila dakika 8 nayo bado ni maji, na siku hiyo hapakuwa na mvua."

Wakamwaga bluu chooni. Siku ya pili asubuhi maji ya shimo la nyuma ya jiko yalikuwa na rangi. Baba alinyamaza kidogo alipofika hapo, akamtazama mtoto aliyekuwa mizanini. Watoto walikuwa wakichezea maji hayo kila siku mpira ulipokuwa ukiyamwaga, na mboga za nyuma ya nyumba zilikuwa zikimwagiliwa nayo.

Fedha waliyokuwa wameweka kwa ajili ya pampu kubwa wameanzia nayo choo kipya, kilichoinuliwa, upande wa pili wa kiwanja. Kilikuwa hakijaisha siku ile. Walikuwa wamefikia kwenye zege la juu, na kwa wakati huo wakitumia choo cha ndugu yao aliye jirani. Mpira wa pampu waliuhamisha, na mahali ulipokuwa ukimwaga waliweka uzio wa miti.

Mtoto alikuwa ameongezeka gramu 400.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: kabla ya kuziba, tazama ufa umeanzia wapi. Usiku wa leo, kama kuna pampu inayowaka na kuzima nyumbani kwako, usiikasirikie. Hesabu, andika, simamisha kijiti. Na usilale na jibu la nusu, hata kama kelele imepungua.